Meza Nyekundu ya Ebebiyín

Ebebiyín, 9 Machi 1997

Binti yangu Oyana,

Natangaza rasmi, mbele ya mashahidi kumi na wanne na mbuzi mmoja ambaye hakualikwa, kwamba tangu jana saa tano asubuhi, katika mji wetu wa Ebebiyín, meza ni ya kike, na ni nyekundu. Uamuzi umepitishwa katika abahá, banda letu la mashauri, baada ya majadiliano marefu, na hauna rufaa.

Kinasa sauti na picha zako vilifika salama. Maelekezo niliyasoma yote, hata yale ya betri. Ulisema nimwonyeshe mtu picha, aseme kwa Kihispania ameona nini na kina rangi gani, nami ninase. Kwamba Profesa wako, Bi Ferrandis, anataka kujua kama sisi tulioanza na Kifang, Kihispania kikaja baadaye, hukumbuka kuipa rangi jinsia ya kitu chake, kama wanavyofanya watu wa Valencia waliozaliwa nacho mdomoni. Meza ni ya kike, basi wekundu wake uvae gauni. Kitabu ni cha kiume, basi weusi wake uvae suruali. Nikajiambia, hii ni kazi ya fundi cherehani kabisa. Kila kitambaa na uzi wake. Jioni nitakuwa nimemaliza.

Kosa langu ni kwenda nayo abahá.

Nilianza na Leoncio wa matairi. Nikampa picha ile ya mbuzi mweupe juu ya meza. Akaitazama, akawatazama waliomzunguka, akaniuliza, "Mbuzi ni wa nani?"

"Wa Valencia," nikasema. "We taja rangi."

"Siwezi kutaja rangi ya mbuzi wa mtu na mwenyewe hayupo. Kesho ikawa kesi, nitaambiwa nilitoa ushahidi."

Mzee Primitivo akaichukua ile picha, akaisogeza mbali na macho. "Swali ni alifikaje juu ya meza. Hiyo nyumba haina mwanamke?"

"Mwanamke yupo," akasema Leoncio. "Ndiyo hiyo meza."

Hapo banda likavunjika kwa kicheko, na kazi ya sayansi ikaishia hapo. Kila mmoja akijibu, wengine wote wanamjibia. Akikosea, anasahihishwa na watu kumi na moja, na kati yao wanne wanakosea zaidi yake. Picha ya mkono ilituchukua muda mrefu kuliko kesi ya mpaka wa shamba la Primitivo, maana neno lake limevaa suruali kama neno la kiume, kumbe ndani ni mwanamke. Primitivo alisema alijua siku zote, ila hakutaka kumwaibisha.

Nimejionea jambo moja. Rangi ikifuata kitu chake papo hapo, hakuna anayekosea. Shida huanza mtu akishaingiza hadithi katikati: meza, ile aliyoileta shemeji yangu kutoka Mongomo mwaka wa mafuriko, ikavunjika mguu, ni... Hapo rangi inapofika, imeshasahau ni mke wa nani. Ila si Kihispania kinachotushinda. Sisi Wafang tuna makundi ya maneno hata sijui mangapi, na kila kundi linaburuza mkia wake mpaka mwisho wa sentensi. Mtu aliyezoea kuchunga kundi kubwa namna hiyo hawezi kupotezwa na mbuzi wawili.

Nakutumia kanda jinsi ilivyo. Uvumilie kelele.

Nisisahau. Matanga ya mama yako tutayaanua Jumamosi ya tarehe kumi na sita Agosti. Ndugu zake wameuliza ni nani atakayenivua shati jeusi, kwa kuwa kazi hiyo ni ya binti, na binti ni mmoja. Nimewaambia una masomo, shangazi yako Salvadora ataifanya. Usijisumbue na nauli. Nakuambia ili tu uijue tarehe.

Baba yako,
Deogracias Esono


Valencia, 30 Machi 1997

Shikamoo Baba,

Kanda nimeisikiliza yote, nikacheka peke yangu ndani ya chumba chenye kuta za sponji mpaka fundi mitambo akaja kugonga kioo. Alidhani nimepaliwa.

Profesa hakucheka. Aliweka hedifoni masikioni kwa muda, akazivua, akaniuliza, "Hapa anayeongea ni nani?" Nikamwambia wote. Akasema haiwezekani wote. Nikamwambia Profesa, ungewajua.

Kwa hiyo Baba, tafadhali. Mtu mmoja mmoja. Chumba kifungwe. Asiwepo mwingine ndani, hata wewe. Unawasha, unatoka, unakaa nje mpaka akuite. Hakuna kusaidiana. Najua ni kama kumwambia mtu ale peke yake huku mlango umefungwa, lakini ndivyo wanavyofanya huku, na hakuna anayewaona wachoyo.

Hilo ulilojionea, la rangi kusahau mumewe njiani, Profesa analo katika kitabu chake kwa kurasa sitini. Hata wazawa wa hapa hukosea hivyo hivyo. Juzi tulimrekodi dereva wa basi, Mvalensia wa ukoo wote, akaanza kueleza gari la baba yake, akazunguka, alipofika kwenye rangi akaitoa ya kike mahali pa kiume. Unajua alifanya nini? Alicheka, akarekebisha, akaendelea. Nimeanza kuamini kuwa tofauti iko hapo tu. Mzawa akikosea hucheka. Mwanafunzi akikosea hunyamaza, anakutazama kama aliyevunja glasi ya watu. Mimi mwenyewe nilipojaribiwa niliandikwa upande wa wanafunzi. Nilimwambia Profesa kwamba naota kwa Kihispania tangu niko darasa la kwanza. Akasema ndoto hazina safu kwenye jedwali.

Sasa nikuambie lililo zito. Kanda za pili zikiharibika, Profesa atafanya moja kati ya mawili. Ama atanituma mimi mwenyewe huko Agosti kwa fedha za mradi, ama atalifuta kundi la Ebebiyín lote. Hajasema lipi. Mimi niliingia mradi huu kwa mlango wa Ebebiyín, Baba. Mlango ukifungwa, natoka nao, na kibali cha kukaa hapa kinatoka nami. Zikiwa nzuri, Agosti yote nitakuwa hapa nikizihesabu. Kwa hiyo fanya vizuri.

Kuhusu tarehe kumi na sita, nimeelewa. Shangazi ana mikono mizuri kuliko yangu.

Kuna mama wa Malabo anauza mihogo iliyofungwa kwenye majani karibu na stesheni. Inatoka kwenye barafu. Ni mihogo kwa jina.

Mwanao,
Oyana


Bata, 14 Aprili 1997

Kaka Esono,

Barua ya Oyana kwako imenifikia imefunguka yenyewe. Gundi ya huko Ulaya si kitu. Nikaisoma kidogo ili kuhakikisha haijalowa, na sasa naipeleka kwako na lori la kubebea mbao, pamoja na ushauri wangu, ambao ni mfupi: haribu hizo kanda.

Usijifanye hujaelewa. Mtoto ameandika mwenyewe kwamba zikiharibika anatumwa, tena kwa fedha za watu. Hilo la pili la kufuta ni vitisho vya maofisa, nami nimeuza vitambaa sokoni muda wa kutosha kuvijua vitisho vya maofisa. Muweke jogoo chumbani. Au muweke Leoncio na usimweke mwingine. Anatosha.

Mimi sitaki kukuvua hilo shati. Vidole vyangu vina baridi yabisi, na hata visingekuwa nayo. Ndugu za Pilar wakiniona mimi ndiye ninayefungua vifungo, watasema yule msichana hakuja kumzika mama yake na sasa hajaja hata kumwanulia matanga. Watalisema mbele ya chakula chetu, huku wanakitafuna. Unawajua. Wewe utakaa pale umeinamisha kichwa na kujibu "ana masomo, ana masomo," kama kasuku wa misheni.

Sisemi kwamba huwezi kuishi bila kumwona. Nasema tu kwamba mara ya mwisho ulipokuja Bata uliniuliza saa za ndege ya Madrid mara tatu, na hukuwa na mgeni.

Dada yako,
Salvadora


Ebebiyín, 21 Aprili 1997

Dada Salvadora,

Gundi hiyo ina ajabu, maana barua za shemeji zako hazifunguki hata siku moja.

Ushauri wako niliufikiria kabla hujautoa. Juzi nilikiweka kinasa sauti kando ya cherehani, nikashona asubuhi nzima kimewashwa. Kisha nikasikiliza. Ni cherehani tupu, mwanzo mpaka mwisho, na ukisikiliza sana unanisikia nikiitukana sindano. Kanda iliyoharibika vizuri kama ile hujapata kuiona. Niliifunga kwenye bahasha, nikaandika anwani.

Halafu nikaifungua tena. Salvadora, wewe umekijua kitisho cha ofisa, mimi namjua binti yangu. Akiniandikia neno "tafadhali" ujue amelifikiria siku nzima. Nikimrudisha kwa mlango huo, naye akifika huku akasikia nyuma yake umefungwa, atanivua shati kwa heshima zote, atapika, atacheka na wageni, na hataniambia neno. Ndivyo alivyo. Ndivyo alivyokuwa mama yake. Pilar alimsindikiza mpaka kwenye ngazi ya ndege akamwambia asigeuke nyuma, nami nilikuwepo. Siwezi kuwa mimi ninayemgeuza.

Mwaka mzima sijamwona. Nitaweza na Agosti. Nitarekodi vizuri, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Wewe vipake vidole mafuta ya nazi.

Na ukimwandikia usimwambie kuhusu ile kanda ya cherehani. Wala saa za ndege.

Kaka yako,
Esono


Ebebiyín, 11 Mei 1997

Binti yangu Oyana,

Kazi yako imekwisha, na imekwisha vizuri. Watu thelathini, kanda nne, hakuna aliyesaidiwa.

Niliwaweka ndani ya chumba changu cha kushonea, dirisha nikalifunga, picha nikazipanga mezani. Kwa kila mmoja niliwasha, nikatoka, nikakaa nje kwenye kiti kama mlinzi wa benki. Ndani sikuingia, na masikio sikuyatega, ingawa mlango ule unajua ulivyo.

Nilishangaa mambo mawili. La kwanza, walikuja wamevaa. Leoncio wa matairi alivaa koti. Mzee Primitivo alivaa viatu, na havikuwa vyake. Nikamwuliza anakwenda wapi, akanijibu, "Si umesema sauti inakwenda kwa mtoto?" Nikamwambia inakwenda kwa Profesa. Akasema, "Profesa simjui," akaingia.

La pili, walikaa sana. Picha ni zile zile chache, lakini Mama Expectación, yule rafiki wa mama yako wa kikundi cha nyimbo, alikaa ndani muda wa kuivisha maharage. Nikagonga. "Mama, ni picha tu."

"Sijamaliza, Esono. Nenda kashone."

"Nishone wapi? Cherehani iko humo ndani."

"Basi pumzika."

Nadhani walikuwa wanatafuta maneno kwa uangalifu ili wasikuangushe. Wa mwisho nilikuwa mimi. Nilijiwashia mwenyewe, nikazisema picha zote, hata mkono.

Basi usiwe na wasiwasi, Agosti utahesabu kwa raha. Huku kila kitu kiko tayari. Mbuzi wamepatikana, malamba, pombe yetu ya miwa, imeahidiwa na mwenye miwa, ndugu za mama yako wamekubali tarehe. Hatupungukiwi kitu.

Baba yako,
Deogracias Esono


Valencia, 8 Juni 1997

Shangazi Salvadora,

Shikamoo. Barua hii ni yako, usimpelekee Baba. Najua utaisoma, kwa hiyo angalau mara moja gundi haitakuwa na lawama.

Nimezisikiliza kanda za Baba. Shangazi, watu wamenipa pole.

Wote. Wamejifungia pale ndani peke yao na kile chombo, na kabla ya kugusa picha kila mmoja ameongea nami kwa Kifang. Sikuwa mazishini, hawakuniona, hawakunipa mkono, na kumbe mwaka mzima wamekaa na pole zao bila mahali pa kuziweka. "Oyana, ni Leoncio wa matairi. Mama yako alinitukana mara moja tu, na nilistahili. Pole sana mwanangu." Kisha anakohoa, anahamia Kihispania: gari ni jeupe. Mzee Primitivo amesema babu yangu aliwahi kumvusha mto, akasahau hadithi ilikokuwa inakwenda, akalia kidogo, kisha meza ni nyekundu. Ya kike, mwanzo mwisho.

Mama Expectación amenihadithia mazishi yote. Mvua ilianza lini, nani walichimba, wimbo gani walikosea ubeti. Ameniambia Baba ndiye aliyelishona gauni la Mama la mwisho, la bluu, na hakukubali mtu amtungie hata uzi kwenye sindano. Wewe ulijua. Mimi sikujua. Nilikaa na hedifoni zangu katika kile chumba cha sponji, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Na hakuna aliyekosea. Hakuna, Shangazi. Mtu akishavaa koti kumpa mfiwa pole, hawezi tena kurusha maneno ovyo. Anayachagua moja moja hata akisema sufuria ni la kijani. Thelathini bila kosa. Wavalensia wenyewe hawakufika hapo.

Ndipo tatizo lilipoanza. Profesa alisema haiwezekani. Akaniuliza, "Na hiki wanachosema mwanzoni kwa lugha yenu ni nini?" Nikasema wanasalimia. "Salamu ya dakika kumi?" Akakunja uso. "Oyana, kuna mtu amewafundisha majibu, na hapa wanayakariri kwanza."

Ningeweza kumwambia. Sentensi moja ingetosha: mama yangu alifariki, wananipa pole. Hajui, sikuwahi kumwambia, siku ya msiba niliomba ruhusa ya kuumwa jino. Nikafungua mdomo. Naye akasema, "Itabidi uende mwenyewe Agosti urekodi upya, mradi utalipa."

Nikaufunga.

Nimeuza jina la Baba kwa tiketi ya ndege, Shangazi. Mtu aliyekaa nje kwenye kiti mlango umefungwa, nimemwacha aitwe mdanganyifu, kwa sababu nilitaka kuja. Natua Bata tarehe tisa Agosti. Yeye nimemwandikia mistari mitatu tu, kwamba kuna shaka na natumwa.

Kuna jambo lingine siwezi kumwuliza. Yake ndiyo sauti pekee isiyo na pole. Amesema picha zote sawasawa, halafu kuna ukimya. Mrefu, wa kusali Baba Yetu tatu kwa mwendo wa padri wetu. Halafu kitufe kinazimwa. Nimeusikiliza ule ukimya kuliko kanda zote zilizobaki.

Oyana


Ebebiyín, 29 Juni 1997

Binti yangu Oyana,

Mistari yako mitatu nimeipata. Nimeisoma, nikaenda kumsomea Primitivo, akaniomba nirudie mstari wa pili.

Mstari wa kwanza unasema nimeshukiwa kuwafundisha watu majibu. Sikumfundisha mtu. Leoncio humfundishi hata njia ya kwao. Nilikaa nje juani na kofia yangu, majirani wakiniuliza nimefukuzwa na nani. Nilitaka kumwandikia Profesa barua kali, nikaanza, "Mheshimiwa," nikashindwa kupata neno la pili ambalo halitakuharibia. Nimeamua nitakasirika baada ya wewe kuondoka. Sasa hivi sina nafasi.

Mstari wa pili unasema unakuja.

Chumba chako nimekitoa mabaki ya vitambaa. Kitanda kimehamishwa mbali na ile sehemu inayovuja, ambayo nayo imehama, kwa hiyo tutaona. Shangazi yako ameniandikia kwamba vidole vyake vimepona ghafla, kwa vile havihitajiki, na kwamba atakupokea uwanja wa ndege mwenyewe. Ameandika pia kwamba nisikuulize mambo mengi. Sijui ana maana gani. Nimemwuliza, akanijibu kwamba hata hilo nisiulize.

Uje na nguo nyepesi. Vifungo vya lile shati nilivishona kwa nguvu sana mwaka jana, sikuwa na akili ya kawaida. Nitavilegeza kabla hujafika.

Baba yako,
Deogracias Esono


Valencia, 20 Septemba 1997

Shikamoo Baba,

Nimefika salama. Karanga ulizonifungia hazikukaguliwa. Mikono yangu bado inanuka moshi wa abahá na sijaamua kuiosha vizuri.

Hukuvilegeza vile vifungo. Uliona nilivyohangaika na kile cha tatu, ndugu za Mama wakivihesabu, na wewe unaniambia chini chini, "Vuta, mama, uzi ni wangu, naujua, utakatika." Sijawahi kucheka katika shughuli ya heshima namna ile. Mjomba alipoona tunacheka naye akacheka, na baada ya hapo hakuna aliyesema lolote kuhusu mazishi. Nilikuwa nimejiandaa kujibu tangu Madrid.

Sasa la kwangu. Juzi nilimfuata Profesa nikamwambia ukweli wote. Kwamba mama yangu alifariki mwaka jana na jino langu halikuwahi kuuma. Kwamba yale ya mwanzo si majibu, ni pole. Akaketi, akasema, "Nitafsirie." Tukaanza na Leoncio. Ilipofika kwa Mama Expectación, pale pa gauni la bluu, akaniambia nisimamishe. Akatoka. Aliporudi akasema tuendelee na anayefuata.

Wiki hii amewaita Wavalensia tena, yule dereva wa basi na wengine. Safari hii amewaambia kila mmoja ampe pole mtu fulani aliyefiwa, kisha ndipo aseme picha. Dereva alimpa pole jirani yake kwa mume aliyefariki wakati wa Krismasi. Halafu akazitaja rangi zote. Hakukosea hata moja, na hakucheka. Kwa hiyo kanda zako thelathini zimekubaliwa, na nafasi yangu ipo, na nilizorekodi Agosti hazihitajiki. Nashukuru, maana nusu yake ni malamba inaongea.

Lakini Baba, usinisamehe haraka. Mwezi wa sita Profesa alipokushuku, nilijua ukweli na nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka kutumwa. Wewe ulifanya kazi safi nami nikaacha ionekane chafu ili nipate tiketi. Siku zote za Agosti nilitaka kukuambia, na kila nilipoanza kulikuwa na mtu analeta sahani.

Na kuna lingine. Mwisho wa kanda ya nne, baada ya picha zako, umekaa kimya kwa muda mrefu sana kabla ya kuzima. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Ulitaka kusema nini?

Mwanao,
Oyana


Ebebiyín, 12 Oktoba 1997

Oyana mama,

Barua yako imefika imefunguka, kwa hiyo shangazi yako amekwisha kukusamehe kwa niaba yangu, na mimi sioni sababu ya kubishana naye.

Tena tuko sawa. Mwezi wa nne nilirekodi asubuhi nzima ya cherehani tupu, nikaifunga kwenye bahasha yenye jina lako, ili kazi iharibike utumwe. Nikaifungua. Wewe hukuifungua yako. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na sioni kama ni kubwa.

Nimewaambia watu kwamba pole zao zimefika. Primitivo ameuliza kama umejibu. Nikamwambia ulikuja mwenyewe. Akasema anajua, alikula, lakini je, umejibu? Mwandikie mistari miwili.

Shati jeusi nimelifumua. Kitambaa kilikuwa kizuri, nimemkatia Leoncio suruali.

Kuhusu ule ukimya. Chumba kilikuwa kimefungwa, jua la saa nane, na watu wako thelathini walikuwa wamenichosha. Nilisinzia.

Baba yako,
Deogracias Esono